Madame Aliyetufundisha Asidi

Madame hakunywa kitu chochote kilichotoka kwenye chupa asiyoijua. Ungemkuta kwenye kilio, amekaa mkekani na akina mama wenzake, munkoyo, kinywaji cha mahindi, unazunguka, jua linachoma, na chupa ikimfikia anaifungua, anapunga hewa ya mdomo wa chupa kwa kiganja kuelekea puani, taratibu, kama alivyotufundisha darasani, ndipo anaamua. Wenye kilio walichukia. Kunusa kinywaji cha watu waliofiwa ni kama kuwaambia ni wachawi. Yeye hakujali. "Mama, mi siogope ndumba," alimwambia mjane mmoja mbele ya watu. "Naogopa fundi ya batri wa ile kona. Eko natia asidi mu chupa za maji." Mjane akacheka katikati ya machozi yake, kisha akaona haya, akaendelea kulia.

Kwetu Lubumbashi mwalimu mwanamke wa sekondari ni Madame, awe ameolewa au hajaolewa, awe bado anafundisha au ameachishwa. Huyu alitufundisha kemia katika shule ya masista, na baadaye nikawa jirani yake katika mtaa wa Ruashi, nyumba yake nyuma ya duka langu la dawa. Nimemjua kwa njia hizo mbili, na Madame wa darasani na Madame wa nyuma ya duka hawakufanana sana. Wa darasani hakutaka kitu, alikuwa tu na hasira na furaha. Wa nyuma ya duka alitaka jambo moja, akalitaka miaka yote niliyokaa karibu naye: mwanawe wa kwanza atoke katika jumba la electrolyse la kiwanda cha shaba kabla asidi haijammaliza kinywa.

Nianze na darasani, maana hata huzuni yake ilianzia huko.

Shule haikuwa na maabara. Kulikuwa na kabati lenye kioo kilichopasuka, na ndani yake mizani bila mawe yake. Madame alikuja na kikapu kama mtu anayetoka sokoni: malimau, siki, majivu ya makaa, maua mekundu ya ngai-ngai yaliyokaushwa, jiwe la kijani la malakiti, lenye shaba, na ndani ya kitambaa kilichofungwa mara kadhaa, chupa ya asidi aliyoipata kwa fundi wa batri, bado haijachanganywa na maji. Maua aliyachemsha, maji yakawa mekundu ya kukolea. Akayatia limau, wekundu ukawaka. Akayatia maji ya majivu, yakageuka rangi ya kijani chafu, na sisi tukapiga kelele. "Ngai-ngai haisemi uongo," alisema. "Watu wanasema uongo, lebo inasema uongo. Ngai-ngai hapana."

Uchachu tuliuelewa upesi. Uzito ulitushangaza. Alituita mmoja mmoja, akatufunga macho kwa leso, akatupa chupa mbili za ukubwa mmoja, moja kila mkono. Moja ilikuwa na maji. Nyingine ilivuta mkono chini karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Ukifunguliwa macho unaona vitu viwili visivyo na rangi, vinavyofanana, ila kimoja kikitikiswa kinatembea polepole kama mafuta. "Jicho lako limedanganywa," alisema. "Mkono umejua." Baada ya hapo aliinua chupa ile nzito kwa mikono miwili, akairudisha kikapuni mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na meza.

Siku ya sukari ndiyo darasa zima linaikumbuka hadi leo, tukikutana kwenye harusi tunaizungumza. Alijaza sukari kwenye kopo, akamimina asidi juu yake. Kwanza hakuna kitu. Kisha sukari ikawa ya njano, ikawa kahawia, ikawa nyeusi, ikaanza kuinuka yenyewe kutoka kwenye kopo ikitoa moshi, joto lake tukalisikia hadi dawati la pili. Rafiki yangu mmoja alilia. Madame alidhani ni hofu, kumbe alikuwa analilia sukari, kwao walikuwa wanakunywa chai bila sukari. Madame akamkalisha, akatueleza kwa sauti ya chini ambayo haikuwa kawaida yake. Asidi haikuichoma sukari. Iliitoa maji yaliyokuwa ndani yake, ikabaki kaa. "Hii kitu ina kiu. Ikikosa maji ya ndoo, itakunywa ya sukari, itakunywa ya nguo, itakunywa ya mtu."

Kisha jiwe. Tone moja juu ya malakiti, jiwe linatoka povu, povu likitulia pana maji ya bluu mazuri kupita kitenge chochote. Akatumbukiza msumari, msumari ukatoka umevaa shaba. "Kambove, Likasi, Kolwezi, yote iko humu," alisema, akiitaja miji ya migodi. "Baba zenu wanakula hapa. Mushangilie kwanza, kisha muogope." Tulishangilia. Hiyo ya pili hatukuisikia vizuri.

Katika darasa lake ukimya ulikuwa kosa. Mwanafunzi asiyejua alisimamishwa aseme neno lolote. "Sema hata uongo," alikuwa akisema, "nitaurekebisha. Kinywa kilichofungwa nitakirekebishia wapi?" Wengine walimwita Mama Ndimu, kwa sababu alikuwa akila malimau kwa chumvi wakati wa mapumziko, huku akitukataza tusionje kitu chochote mezani. Alijua kwamba hapo anajipinga, na hakujitetea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu linalong'aa kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo, na vikwembe vyake, vitenge vya kujifunga, vilikuwa na matundu madogo madogo mapajani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa Madame ilikuwa hivyo bila fumbo.

Alikuwa mkatoliki wa watu wa kaskazini, wa wale ambao babu zao waliletwa kwa reli na migodi, na misa ya Jumapili hakuikosa. Lakini hata Mungu alimfanyia kemia. Ukilalamika tumbo linakuunguza, jibu lilikuwa tayari: "Mungu ametia asidi mu tumbo yako. Ila alijengaka ukuta kwanza. Bantu ba hapa banatia asidi, ukuta bataujenga kesho."

Madame na fundi wa batri walikuwa na ugomvi wa kirafiki ambao haukuisha. Ruashi umeme unakatika unavyotaka, kila nyumba ina batri ya gari sebuleni ya kuwashia taa, kwa hiyo fundi ni mtu muhimu kuliko mkuu wa mtaa. Huyu alikuwa na jicho moja zima. Lile jingine alilipoteza siku alipomwaga maji kwenye asidi badala ya asidi kwenye maji. Maji mepesi yanakaa juu, yanachemka papo hapo, yanaruka. Madame alimkuta bado anafanya vilevile, amegeuza tu uso upande.

"Fundi, uko nafanya nini?"

"Niko nalinda hili jicho lingine, Madame."

"Maji kwanza. Kisha asidi, kidogo, kidogo. Mukali njo anaingia polepole. Ukimuingilia wewe mu nyumba yake, atakupiga."

Fundi alijifunza kuchanganya. Chupa za maji hakuziacha, kwa kuwa ni za bure.

Mukali njo anaingia polepole. Maneno haya, kwamba mkali ndiye wa kuingia polepole, niliyasikia mara nyingi baadaye, dukani kwangu, na hayakuwa tena ya batri.

Mwanawe wa kwanza alichukua jina la babake Madame, kwa hiyo Madame alimwita Papa, yaani Baba, tangu akiwa mchanga. Kijana alilelewa katika kikapu kile cha malimau. Alijua kutambua asidi kwa kuinua chupa. Kiwanda kimoja nje ya mji, njia ya kwenda Likasi, ambacho sitakitaja, kilipokuwa kinatafuta vijana, injinia aliwauliza waliokuja kwa nini asidi iingie kwenye maji na si maji kwenye asidi. Wenzake waliangalia chini. Yeye aliongea mpaka injinia akamwambia inatosha. Siku hiyo Madame alichinja kuku, akatuita majirani, akacheza ngoma ya kalindula kwenye ua wake akiwa amefunga kitambaa kiunoni. Sikupata kumwona na furaha kama ile tena. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alikuwa ameshangilia kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Maji ya bluu yenye asidi yanajazwa kwenye matangi marefu, umeme unapitishwa, shaba inajipaka kwenye bamba usiku na mchana hadi bamba linakuwa zito. Wakati huohuo vipovu vinapanda kutoka chini na kupasuka juu, na kila kimoja kinarusha vumbi la asidi hewani, jembamba kiasi kwamba hulioni. Unalihisi puani na kwenye macho. Hapana mtu anayeungua. Hakuna kelele wala damu. Asidi inakula meno ya mbele, yale yasiyofunikwa na mdomo, inayafupisha kama sabuni ya kufulia, na mtu anayeongea sana au kuimba ndiye anayeliwa haraka.

Na Papa alikuwa mwimbaji. Kanisani alishika sauti ya kwanza, na kazini aliwaimbisha wenzake wakiinua mabamba.

Madame alianza kuja dukani kununua bikarbonati. Mwanzo nilidhani ni ya maandazi. Kumbe inazima asidi: alimchanganyia mwanawe kwenye maji, asukutue kabla ya zamu na baada ya zamu. Kila Jumapili baada ya misa alimkalisha mlangoni, uso kuelekea mwangani, mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Fungula kinwa, Papa."

"Mama, bantu banapita."

"Bapite. Fungula."

Nilikuwa nikiwaona kutoka dirishani. Kijana alicheka, akafungua. Madame aliinama, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamfunga taya kwa kidole na kuingia ndani. Mwalimu aliyetupigia kelele tufungue vinywa alikuwa sasa anamsihi mwanawe afunge chake. "Imba ku kanisa," alimwambia. "Ku kazi unyamaze. Ukiongea uko nakunywa." Kijana alijibu kwamba bila wimbo bamba haliinuki.

Kwa nini asimtoe? Nilimuuliza siku moja, na sikuuliza kwa ubaya. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, pakiti ya bikarbonati mapajani. Shule ilikuwa imemwachisha na pensheni ilikuwa habari tu. Mumewe alikufa zamani. Mwanawe wa pili alikuwa chuo kikuu, anasomea sheria, na karo ilitoka kwenye matangi yaleyale. Paa la bati jipya lilitoka huko. "Kila mwezi namuambia atoke," alisema. "Kila mwezi ananiletea unga, na mi napika. Unaona ile kinwa yangu ya kusema toka? Njo ile inakula." Nilimpa bikarbonati ya bure, nikaona aibu kwa udogo wake.

Lakini hakuacha. Alikwenda kwa injinia akiwa amevaa kama wa Pasaka, akaomba kijana ahamishiwe stoo. Injinia alimpokea vizuri, akamwita mama, akaahidi. Alikwenda tena, na injinia alikuwa amebadilishwa. Alimtafutia Papa kazi ya kufundisha kwenye shule za parokia, ikapatikana, na kwa mshahara wa mwalimu wangekula wiki moja kati ya nne. Papa mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema mdogo wake akimaliza chuo, siku ileile atatoka, na aliapa kwa jina la babu yake. Meno yake ya mbele yalikuwa yamebaki nusu. Akicheka alijifunika kwa mkono kama msichana.

Mdogo wake alimaliza chuo. Alizunguka na diploma yake mjini, kwenye ofisi, hadi Karavia kwenye nyumba za wakubwa, na jioni aliuza vocha za simu chini ya mwavuli. Papa hakutoka. Sauti yake ndiyo iliyotoka. Ilianza kukwaruza, kwaya wakadhani ni mafua. Pasaka moja alisimama mahali pake pa siku zote na sauti haikuja. Watu waliimba juu yake. Niliketi nyuma ya Madame na niliona mabega yake.

Daktari alisema ndani ya koo kuna uvimbe mbaya. Hakusema umetoka wapi, na kiwanda hakikuuliza. Madame naye hakubishana na daktari. Alitoka chumbani humo, akasimama kwenye korido, akaniambia kwa sauti ya darasani, iliyonyooka: "Meno ilikuwa mulango. Nilikuwa naangalia mulango, na kitu kilikuwa kimeshaingia." Kisha akakaa chini sakafuni. Miezi iliyofuata alimlisha mwanawe uji kwa kijiko, akimpulizia, na kijana aliongea kwa macho. Alikufa katika majira ya mvua, mchana, Madame akiwa amemshika mguu.

Kwenye kilio hicho Madame hakunusa chupa yoyote. Alikunywa kila alichopewa.

Siku ya tatu ujumbe wa kiwanda ulifika, watu wenye adabu, na magunia ya unga na maneno mazuri. Msemaji wao alisimama chini ya turubai, akasema kiwanda hakisahau desturi ya Katanga. Tangu zamani za babu zetu migodini, mfanyakazi akifa, nafasi yake ni mali ya familia: ateuliwe ndugu mmoja ampokee marehemu. Wajomba wakapumua. Kwetu jambo kama hilo likitolewa, anayelikubali hupiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, ameinamisha magoti. Wajomba walimgeukia Madame, kwa kuwa yeye ndiye mzazi, apige makofi.

Madame alisimama na mikono yake ikiwa imeninginia.

"Benye kiwanda, aksanti kwa unga," alisema. "Nafasi murudishe. Mutu anakufa, nafasi haikufe. Njo ile nafasi naogopa. Siko na mutoto wa kuweka mule tena."

Mjomba mkubwa alikohoa, akasema dada yake ana uchungu, asisikilizwe. Na wakati bado anasema, tulisikia makofi. Mtoto wa pili, mwanasheria wa vocha, alikuwa amepiga magoti nyuma ya wajomba, kichwa chini, viganja vimekunjwa, anapiga. Wajomba wote wakajiunga naye. Madame alimtazama mpaka makofi yakaisha, akarudi mkekani, akajifunika kikwembe kichwani. Sikumsikia akilia.

Baada ya hapo hakuja tena dukani. Nilipompelekea bikarbonati mwenyewe nilikuta mlango umefungwa mchana, na majirani walisema anatoka kila siku, hawajui anaenda wapi. Wengine walisema amepata wazimu, na mimi, Mungu anisamehe ulimi, sikuwabishia.

Mara ya mwisho nilimwona njiani. Nilikuwa natoka Likasi kuchukua dawa, na taksi-basi ilisimama kuteremsha wafanyakazi mbele ya geti la kiwanda, saa nane, zamu ikibadilishana. Ng'ambo ya barabara, juani, mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi na beseni mbele yake. Niliteremka kabla ya kufikiri, gari likaniacha.

Beseni lilikuwa na maji, na ndani yake vipande vya kikwembe vilivyokatwa sawasawa na kuwekewa kamba. Alikuwa anakamua kimoja kimoja na kuwanyoshea vijana wanaopita.

"Funga pa kinwa, papa. Iko na bikarbonati. Ikikauka, tia maji tena. Usiimbe."

Baadhi walichukua. Wengi walicheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka bibi yako. Mlinzi mmoja aliniambia kwamba walikuwa wakimfukuza getini, akavuka barabara, na ng'ambo si ya kiwanda, basi wamemwacha. Nilichuchumaa karibu naye. Macho yake hayakuwa ya mwenda wazimu. Alinitambua mara moja, akanipa kitambaa nijifunge, akanisahihisha nilivyoshika kamba.

"Mama, uko nafunga vibaya. Pua nayo ifunikwe."

Nikafunga upya. Tukafanya kazi pamoja, yeye anakamua, mimi nanyosha. Kundi jingine likateremka kwenye gari, mavazi ya bluu, kofia ngumu. Katikati yao niliiona sura ninayoijua, ya yule mwanasheria wa vocha, imejificha nyuma ya bega la mtu mrefu. Nikanyosha mkono wenye kitambaa, karibu niite.

Madame akanishika mkono.

"Usimuite. Anasikia haya mbele ya benzake."

Kijana alipita. Hakugeuka. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, anaongea na yule mrefu kitu cha kuchekesha, na meno yake yalikuwa bado meupe, yote, marefu. Geti likamla. Wengine wawili walikuja kuchukua vitambaa, wakasema aksanti mama, wakakimbia.

"Hajapokeaka hata siku moja?" niliuliza.

"Hata moja."

"Sasa, Madame, unakuya juu ya nini? Jua hii yote, kila siku?"

Alikamua kitambaa kingine, akakinyosha gotini, akafuta mikono kwenye kikwembe chake.

"Asubui mutoto aliniachia unga na samaki," alisema. "Nikibakia ku nyumba, nitapika. Nikipika, nitakula."